Mtu Aliyekataa Muhuri

Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi shingoni, kama mbuzi. Huyo mtu alikuwa tayari kukupa kila kitu alichokuwa nacho ndani ya kompyuta, bila malipo na bila kukuuliza jina, lakini ukimwomba kalamu uandike tarehe tu, alikuangalia kama umemwomba figo.

"Kalamu ikienda hairudi," alikuwa akisema. "Programu ikienda, inabaki."

Hapo ndipo nilianza kumpenda. Na hapo pia ndipo nilianza kumfanyia ujinga, kwa sababu mimi nikimpenda mtu siwezi kumwacha akae na amani.

Alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta, katika shule ya kutwa hapa Ruiru ambayo sitaitaja, maana bado nasoma huko na ningependa kumaliza. Jina lake pia sitaliandika. Alizaliwa wapi, babake ni nani, alioa mwaka gani, hayo atayasoma mtu wa ukoo siku ya mazishi, na kwa sasa mwenyewe yuko na afya yake. Ninachojua ni kwamba aliajiriwa na bodi ya shule, si na serikali, na mwalimu wa bodi ni kama nguo ya kuazima: mwenyewe akiitaka, unavua hapo hapo. Alivuliwa nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye nilisababisha. Hakuna mtu aliniuliza, na mimi sikujipeleka. Nimeandika hilo mapema ili ukicheka huko mbele, ujue unacheka na nani.

Maabara yetu zamani ilikuwa stoo ya majembe. Ukiingia mvua ikinyesha, bado ilinuka udongo. Kulikuwa na kompyuta kumi na nne za mitumba, na kwenye kona ya kila skrini kulikuwa na maandishi kwamba nakala hii si halali, kwa sababu programu zote zilikuwa za wizi, zililetwa na fundi fulani wa mjini kwa CD iliyoandikwa kwa biro. Shule nzima ilijua. Na ukutani, juu kabisa ya hizo skrini, kulikuwa na kauli mbiu yetu kwa rangi ya bluu: UAMINIFU NI NGUZO.

Siku yake ya kwanza, mimi nikiwa form one, alisimama katikati ya chumba akaangalia ukuta. Akaangalia skrini. Akaangalia ukuta tena.

"Hii nguzo," alisema, "nani aliichimbia?"

Kisha akafuta kompyuta zote kumi na nne. Akaweka programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua, azifungue aone zilivyoshonwa, azirekebishe, na ampe jirani bila kuitwa mwizi. Mashine ambazo zilikuwa zinakohoa dakika kumi kabla ya kuwaka zikaanza kuwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Sisi tulikuja na flashi, akatujazia tupeleke nyumbani, au saiba kwenye kompyuta za kukodi, au kwa mjomba. Chini ya meza yake aliweka mashine moja kubwa nzee ambayo ilikuwa na ensaiklopidia nzima ndani yake bila intaneti, na kompyuta zingine zote zilisoma kutoka kwake. Tuliiita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, kwa sababu ilijua kila kitu, ilikuwa polepole, na ilikuwa ikipiga kelele ukiiharakisha.

Herufi r na l zilikuwa zikibadilishana viti mdomoni mwake, na sisi tulimwigiza kila siku. Alijua. Wakati mwingine alituigiza sisi tukimwigiza yeye, na alikuwa mkali wa kuigiza kuliko sisi.

Alikuwa na maswali matatu. Aliyaandika kwa chaki chini ya ile nguzo ya uaminifu na hakuruhusu mtu ayafute: Nani amesema? Amejuaje? Anafaidika nini? Hakuwa anayatumia kwa habari za kwenye simu peke yake. Aliyatumia kwa kila kitu chenye mdomo.

"Ticha, nimechelewa juu ya jam ya magari," nilimwambia asubuhi moja.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Si nilikuwa ndani ya matatu."

"Unafaidika nini?"

Nikafikiria. "Sipigi magoti kwa kuchelewa."

"Kaa chini. Mawili ya kwanza ulikuwa unaendelea vizuri."

Na Ijumaa ilikuwa siku ya uongo. Hii sijaisikia katika shule nyingine yoyote. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja aliruhusiwa kuingia ndani ya Cucu, achague makala moja, aweke uongo mmoja. Wengine tulikuwa na kipindi kizima kuutafuta na kuuthibitisha, na kwa sababu programu zilikuwa wazi tungeweza kuona ni nani alibadilisha nini, saa ngapi. "Huwezi kumfundisha mtoto kuuliza maswali," alisema, "kwa mashine ambayo yenyewe hairuhusiwi kuulizwa." Sheria ilikuwa moja tu: uongo wa Ijumaa hautoki mlangoni.

Mimi nilikuwa bingwa. Ijumaa moja niliandika kwamba nanasi hukua chini ya ardhi kama kiazi, na huchimbuliwa kwa jembe. Rafiki yangu Mburu, ambaye shamba la mananasi liko mbele ya macho yake kila asubuhi akitoka kwao Thika, aliinakili kwenye daftari na akapiga mstari chini kwa rula.

"Mburu," mwalimu alimuuliza, "si wewe unaona mananasi kwa macho yako?"

"Naona, mwalimu."

"Yako wapi? Juu ama chini?"

"Juu. Lakini hii imeandikwa."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikaa juu ya meza, akashika kalamu yake ya mbuzi, na akasema polepole, kama anajisemea, "Hapo ndipo kazi iko." Kuanzia siku hiyo aliniita Mheshimiwa, kwa sababu alisema mtu anayeweza kumfanya Mburu asiamini macho yake anafaa kupigiwa kura.

Usinifanye nimchore kama malaika. Alikuwa na mambo yake. Alitukataza kula maabara, na kibodi yake ilikuwa na makombo ya ngwaci, vile viazi vitamu vyake, mpaka herufi ya M ilikuwa haishuki. Hakuamini gazeti lolote, redio yoyote, mhubiri yeyote, lakini aliamini goti lake la kushoto likimwambia mvua inakuja, na alitembea na mwavuli juani wiki nzima kwa ajili ya hilo goti. Alitufundisha kukagua kila kitu, halafu ananunua parachichi bila hata kulibonyeza. Tulimuuliza. Alisema yule mama wa parachichi hawezi kumdanganya. Tukamwambia nani amesema. Akasema, "Nyamazeni." Kesho yake alikuja na parachichi bovu ndani ya mkoba, akaliweka juu ya meza bila neno, akaendelea na somo.

Na alikuwa na kiburi. Watu wanasahau hiyo. Kiburi kilichovaa viatu vya matope.

Jumamosi, badala ya kupumzika kwake Ngoingwa kama watu, alizunguka shule za Thika na Ruiru na diski moja ngumu aliyoivisha soksi ya mtoto, akiwaomba wakuu waache programu za wizi wachukue za huria, na wafundishe watoto kupima habari. Alikuwa hauzi kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu anayeuza, mkuu wa shule anamwelewa, anajua pa kumkalisha. Mtu anayegawa anashukiwa.

Tulimsindikiza mara moja, mimi na Mburu, tubebe nyaya. Shule ya kwanza ilikuwa karibu na kwake. Mkuu, mzee mpole mwenye miwani, alisoma barua yake yote, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mwalimu, hii ni ya kampuni gani?"

"Si ya kampuni. Ni ya watu."

"Watu gani?"

"Wowote. Hata wewe ukitaka."

Mzee akatabasamu kama mtu anayeongea na mlevi asiye na fujo. "Sawa. Lakini barua haina muhuri."

"Jina langu liko hapo. Simu iko hapo, sahihi iko hapo. Ukitaka kujua kama nasema ukweli, tuwashe mashine moja, dakika tano."

"Mimi siwezi kuweka kwenye faili barua haina muhuri. Wakaguzi wakikuja?"

"Muhuri ni mpira na wino, mwalimu mkuu. Hapo stejini kwa matatu wanakutengenezea kabla chai ipoe."

"Basi si utengeneze?"

"Nikitengeneza, utaniamini kwa sababu ya mpira. Mimi nataka uniamini kwa sababu umeangalia."

Mzee akaikunja barua kwa heshima akamrudishia. Hakuna mashine iliwashwa. Shule ya pili, akademi moja ya Kahawa Sukari yenye maua getini, mama mwenye shule hakumfikisha hata kwenye kiti. Alisema wazazi wa wanafunzi wake wakisikia neno bure watafikiri amefilisika. Lakini kabla hajatuaga, yeye pia aliitazama barua na kuuliza: "Na muhuri iko wapi?"

Tulikaa kando ya barabara tukinywa soda. Mburu alikuwa amechoka na nyaya.

"Ticha," nikasema, "si ununue tu hiyo kitu. Nani atajua?"

"Halafu nikuje Ijumaa niwafundishe nini?"

"Utufundishe ukiwa na shule kumi."

Soksi ya mtoto ilikuwa juu ya paja lake na aliipapasa kama paka. "Mheshimiwa," alisema mwishowe, "wewe utafika mbali, na mimi nitaenda kuomba msamaha kwa wananchi."

Sasa nifike pale.

Muhula uliofuata nilikuwa nimechoka kuwa bingwa. Uongo wangu ulikuwa unakamatwa haraka, maana alikuwa amewafundisha vizuri, hata Mburu. Ijumaa moja nilipokamatwa ndani ya dakika nane, mwalimu aliniambia mbele ya wote: "Mheshimiwa, uongo wako ni wa kitoto. Unaandika kitu ambacho hakuna mtu anakitaka. Uongo mzuri ni ule ambao mtu alikuwa tayari anaungojea."

Alikuwa anafundisha. Mimi nikasikia dharau. Na pia, niseme ukweli, nikasikia wazo.

Nilitengeneza barua ya shule. Niliipiga picha ile karatasi ya ruhusa ya kutoka, nikakata muhuri wa shule kwa programu ya picha aliyotufundisha yeye, nikausafisha, nikaupachika. Barua ilisema kunguni wameonekana katika madawati, shule itafungwa siku tatu ipuliziwe dawa, wazazi wachukue watoto wao Jumatano saa nne asubuhi na sare zote zichemshwe. Nikaichapa kwa printa ya maabara. Jumanne jioni niliibandika getini kwa mate na ujasiri. Askari wa geti alikuja nyuma yangu, akaisoma, akauona muhuri, akaenda kibandani kwake akaleta selotepu akaibandika vizuri pembe zote nne.

Kufikia wakati wa chakula cha jioni ilikuwa katika simu za wazazi wote. Mathe, yaani mama yangu, alinivua sweta mlangoni, huku mtaani kwetu Kiuu, mbele ya majirani, akaishika kwa vidole viwili.

"Mathe, hiyo maneno ni ukweli kweli?" nikamuuliza, nikiwa nakufa na kicheko ndani.

"Si iko na muhuri," akasema, na akawasha jiko.

Jumatano saa nne geti lilijaa. Wengine walikuja na magunia ya plastiki ya kufunga mabegi ya watoto. Mkuu wetu wa shule, mwanamke ambaye sauti yake huwa inasikika mpaka barabarani, alitoka akawaambia hakuna kunguni, barua ni ya uongo. Na unajua walimwambia nini? Baba mmoja alimwambia, "Madam, wewe unasema na mdomo tu. Hii imeandikwa." Ilibidi arudi ofisini, aandike barua nyingine ya kusema ile ya kwanza ni uongo, aigonge muhuri uleule, ndipo watu wakaanza kuondoka. Nilikuwa kwenye dirisha la darasa na nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Ilikuwa ndiyo kazi yangu bora. Nilitaka hata mwalimu ajue. Nilimtafuta kwa macho, nikamwona amesimama peke yake kwenye mlango wa maabara, na hakuwa anaangalia geti. Alikuwa anaangalia juu, dirisha kwa dirisha.

Mkutano wa bodi na wazazi uliitwa Ijumaa. Mimi nilikuwa ukumbini pia, kwa namna fulani: nilikuwa nje nikiosha vioo vya madirisha, adhabu ya kupiga kelele, isiyohusiana na kunguni. Nilisikia yote.

Mkuu alisema aibu hiyo imetoka maabara. Alisema hizi programu zisizo na mwenyewe zinamruhusu kila mtu kufanya kila kitu, na mtoto akipewa kitu kisicho na kufuli atafungua hata kisichomhusu. Mjumbe mmoja wa bodi akasimama, akatoa mfukoni karatasi ya rangi ya kampuni inayouza programu za kulipiwa, zenye kufuli. Alikuwa ameikunja mara nne, na mikunjo ilikuwa imechakaa. Hiyo karatasi haikuingia mfukoni wiki hiyo. Nikajikuta, na kitambaa mkononi, nikiuliza yale maswali matatu. La tatu lilijijibu.

Mwalimu alipewa nafasi. Alisimama na karatasi iliyokunjwa mkononi.

"Wazazi," alisema, "kuna mtu angependa kujua ni nani aliandika hiyo barua, na aliiandikaje?"

Kisha mama mmoja akasema, si kwa ubaya, "Mwalimu, tunajua. Iliandikwa na kompyuta."

Watu wakaguna kukubali. Alibaki amesimama na ile karatasi, muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa, akiangalia upande wa madirisha. Mkuu akamwambia akae. Wakaamua programu zifutwe, na mkataba wake usifanywe upya. Wakafunga na maombi. Alipotoka alipita karibu na ndoo yangu, akasimama.

"Kioo hicho kimebaki na alama," alisema, akaenda.

Nilikifuta.

Maabara sasa ina pazia na kufuli mbili. Kompyuta mpya zilifika, zikapigwa picha za kalenda ya shule, na mwaka wa leseni ulipoisha maneno yakarudi kwenye kona ya kila skrini: muda wako umekwisha. Kauli mbiu bado iko ukutani. Maswali ya chaki yalipakwa rangi. Cucu anashikilia mlango wa stoo ya michezo usigongwe na upepo. Mburu ameanza tena kuamini kila kitu. Juzi alinitumia ujumbe kwamba maji ya bamia yanaponya macho, na kwamba niutumie kwa watu kumi.

Mwezi uliopita barua ya kikundi cha akina mama cha kanisani, ambacho mathe ni katibu wake, ilirudishwa. Walikuwa wanaomba ukumbi. Sababu unaijua. Mathe akanipa cheti cha kikundi na kunituma hapa hapa Kiuu, kwenye kibanda kipya cha mihuri, kati ya yule wa chipsi na yule wa kava za simu.

Niliona uzi kwanza. Kisha kalamu. Kisha yeye, ameinamia kipande cha mpira mwekundu, anakisugua kwa mswaki ndani ya beseni.

Ningeweza kurudi. Mguu mmoja ulikuwa tayari umegeuka.

"Mheshimiwa," alisema bila kuinua kichwa. "Ingia, unanizibia mwanga."

"Habari yako, mwalimu."

"Nzuri. Unataka nini?"

"Muhuri," nikasema. "Ya mathe. Ya kikundi chao."

Nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza. "Cheti kiko wapi?"

Nikampa. Alikisoma chote, mbele na nyuma, akapiga ile nambari ya simu iliyo chini akahakikisha inashikwa na mwenyekiti, akamsalimia, akakata. Aliniambia kwamba wengine hapo stejini hawaulizi, na kwamba yeye hufukuza wateja wawili watatu kila siku. Kisha akafungua kompyuta. Ilikuwa ni ile programu ileile ya huria. Alichora duara, akaandika jina la kikundi likizunguka, akachapa kwa karatasi ya plastiki, akaliunguza juu ya mpira kwa taa. Mikono yake ilikuwa na wino mpaka kwenye viwiko. Nilikaa kwenye kigoda. Hakuna mtu alikuwa ananilazimisha kuongea, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Ile karatasi," nikasema mwishowe. "Siku ya mkutano. Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa jina lako."

Alisema akisugua mpira.

"Faili huandika mwenyewe ni nani. Nilikufundisha hiyo, muhula wa kwanza. Jina la aliyeianza, siku, saa. Ulifuta barua, ukasahau ile nakala ambayo printa iliiacha ndani ya Cucu. Jumatano kabla ya saa tano nilikuwa nimeichapa. Nikampelekea Mkuu ofisini, sisi wawili tu, nikamwambia amwite huyu mtoto tuongee naye, hakuna haja ya mkutano."

"Akasema?"

"Aliigeuza nyuma. Akaigeuza mbele." Alisuuza mpira, akauinua kwenye mwanga. "Akaniambia, mwalimu, hii umeichapa wewe mwenyewe kwa hizo mashine zako. Muhuri iko wapi?"

Yule wa chipsi alikuwa anamwaga viazi kwenye mafuta, na kelele ilijaa kibanda chote. Nilishukuru hiyo kelele.

"Ungenitaja kwenye mkutano," nikasema. "Ungesema tu."

"Wangesema nasingizia mtoto. Karatasi yangu haingefaa kitu pale." Alikata mpira kwa wembe, mviringo, bila haraka. "Mdomo wako ungefaa. Mtoto akisimama aseme ni mimi, hakuna mtu angemuuliza muhuri. Nilikuona dirishani. Nilingoja."

Nikaokota vipande vya mpira vilivyoanguka chini.

"Nilingoja mpaka wakafunga na maombi," alisema.

Alibandika mpira kwenye mti wake wa kushikia, akauweka kwenye kidau cha wino, akavuta karatasi kutoka rundo lililokuwa kando ili aujaribu. Ndipo nikaliona rundo. Zilikuwa barua zake. Kwa Mkuu wa Shule, Kuhusu Matumizi ya Programu Huria Katika Kufundisha Wanafunzi Kupima Habari. Zilezile alizozungusha Thika na Ruiru Jumamosi kwa Jumamosi, na zikarudishwa kwa heshima. Alikuwa amezitumia kujaribia kazi ya wateja, na kila moja ilikuwa imejaa mihuri kutoka juu mpaka chini, ya bucha, ya kanisa, ya wakili, ya duka la dawa za ng'ombe, ya chama cha bodaboda, juu ya jina lake na juu ya sahihi yake, mpaka maneno yenyewe hayasomeki.

"Samahani, mwalimu," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo. Ni mimi niliandika."

"Unafaidika nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi sikosi jibu, muulize mwalimu yeyote wa shule yetu. Nilitafuta moja ambalo lingekuwa lake, ambalo lingempa yeye kitu, hata kidogo, na yote niliyoyapata yalikuwa yangu.

Hakuningoja safari hii. Aligonga muhuri wa mathe mahali palipobaki peupe, akapuliza wino ukauke, akanigeuzia karatasi.

"Angalia kama jina la kikundi liko sawa," alisema. "Usiniamini."

Niliinama nikaangalia, herufi moja moja, muda mrefu kuliko lile jina lilivyohitaji. Lilikuwa sawa.